Macho ya Emilian

Watu wa Karatu wana midomo. Emilian alipoanza kuumwa macho walisema ni chanjo, tena walisema kwa furaha, kana kwamba walikuwa wanangoja mtu aumie ili wao waonekane wana akili. Nilitamani kuwazaba vibao. Waongoza watalii wote wa kampuni yetu tulichanjwa mwaka ule wa korona, na mimi niliumwa bega tu. Yeye, wiki chache baadaye, mboni zake zikaanza kurukaruka bila kutulia, na miguu ikawa inashtuka yenyewe. Daktari bingwa kule Moshi alisema ni ugonjwa wa nadra sana: huenda chanjo iliuchokoza, huenda ni mafua tu yaliyotangulia, hakuna awezaye kuapa. Dawa zilimtuliza kidogo, kisha zikashindwa.

Na huyu ndiye aliyekuwa akimwona faru tokea ukingoni mwa kreta, wakati sisi wengine tunahangaika na darubini.

Bosi wetu, Abdulwahabu, si mtu mbaya. Usukani alimnyima, na hapo hata mimi sikubisha. Lakini nilimsihi ampe siku moja ashuke kreta na wageni wangu, mimi niendeshe, yeye aongoze.

"Sawa, Martini," akasema. "Jioni utaniambia mwenyewe kama anaweza. Akishindwa, nafasi yake nampa mwingine."

Nilikuwa na ujanja wangu. Sisi madereva tukiona mnyama huambiana kwenye redio kwa majina ya kuficha, wageni wasije wakadai kabla hatujafika. Simba ni sharubu, chui ni madoa. Emilian angesikia tu, akajua pa kunyooshea kidole. Macho ya nini?

Asubuhi mambo yalikwenda. Redio ikisema, anawageukia wageni na kuwasimulia kwa raha zake zote za zamani, miguu ameifunika jaketi. Bibi mmoja Mjerumani akampigia makofi. Nikaanza kuamini, mjinga mimi.

Mchana jua likawa kali. Redio ikataja sharubu ng'ambo ya korongo, nikasimamisha gari. Emilian akatoa mkono dirishani, akaonyesha mbali.

"Tazameni kule, kwenye majani marefu!"

Wageni walikuwa wanatazama chini. Dume zima, manyoya meusi hadi kifuani, lilikuwa limekuja kujilaza kwenye kivuli cha gari letu, chini kabisa ya kiwiko chake. Naye anaendelea kueleza majani. Wageni walicheka wakidhani ni utani, kisha wakaacha. Nikamshika shati, nikamvuta ndani.

Jioni, tulipofika getini kutoka, bosi akapiga simu. Emilian alikuwa amekaa kando yangu, uso umenielekea, lakini sikuweza kujua kama ananiona.

"Vipi, anaweza?"

"Hawezi, bosi."

Nilijisikia kama nimemzika rafiki yangu angali anapumua. Tukateremka na lami hadi njia panda ya kwao. Akashuka akipapasa mlango, miguu inamruka, akabaki ameshikilia dirisha langu.

"Umefanya sawa, kaka. Wangekuja kuumia wageni wa watu."

Akasogeza uso karibu, akanong'ona wageni wasisikie:

"Hivi yule simba, alikuwa dume au jike?"