Kiti cha Safu ya Pili

Jumatatu baada ya jaribio la kwanza, Kitindamimba aliingia darasa la anatomia akakuta kiti chake kimetoka safu ya pili na kuhamia ya mwisho. Alikuwa amepata alama arobaini na moja. Alikifuata kiti kilipo, akaketi.

Mhadhiri, ambaye wanafunzi walimwita Mama Mifupa, aliinua mfupa wa paja wa plastiki akaanza kufundisha. Alizoea kuwatazama wa mbele tu, na sauti yake aliipima iwafikie wao tu. Nyuma yalifika nusu ya maneno. Kitindamimba aliyaandika hayo hayo, akarudi bwenini, akayatazama weee, hamu ya kusoma ikamtoka. Alilala na viatu.

Jaribio la pili alianguka zaidi, na kiti kikawa uani, chini ya dirisha la darasa.

“Leo uko nje?” aliuliza mwenzake wa chumbani.

“Niko nje.”

“Basi chukua sweta.”

Mama yake alipiga simu. “Unamsikia mwalimu vizuri, mwanangu?”

“Namsikia, mama.”

Alichokuwa akipata ni mdomo wa Mama Mifupa ukifunguka na kujifunga nyuma ya kioo. Aliikumbuka wiki ya kwanza, alipokuwa akinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Alitamani kumwona tena yule msichana aliyekuwa yeye, kama ndugu aliyehama bila kuaga. Siku nyingine alilia, kisha akapangusa daftari na kuendelea kutazama.

Mwisho alimfuata Mama Mifupa ofisini. “Mwalimu, huku nje sikusikii. Naomba nirudi ndani.”

“Wanaosoma wananisikia,” alijibu kwa upole, akipanga mbavu kwenye sanduku. “Mtihani wa mwisho ukikosa hamsini, chuo ndiyo basi. Ukipata, tutaona.”

Kitindamimba aliazima daftari la mwenzake wa chumbani. Akawa anaitaja mifupa akioga, akifua, akipanda ngazi, mpaka mwenzake akamwomba amwonee huruma, angalau wakati wa kula. Siku ya mtihani alipewa karatasi kupitia dirishani. Alipata sitini na nane.

Muhula mpya ulipofunguliwa alikwenda moja kwa moja safu ya pili. Palikuwa na pengo la kutosha kiti kimoja. Kiti chenyewe kilikuwa bado uani. Alikibeba akakiweka pengoni, na alipogeuka kuchukua mkoba kilikuwa kimesharudi nje.

“Hongera kwa kufaulu,” alisema Mama Mifupa. “Lakini viti vyetu havijui kwenda mbele.” Akafungua kipindi.

Kitindamimba alitoka. Kando ya kiti chake palikuwa na kingine, na juu yake kijana aliyekuwa akikaa safu ya tatu, daftari jeupe magotini.

“Unasikia chochote?” aliuliza kijana.

“Mtazame mdomo,” alisema Kitindamimba, akajisogeza ili naye apate upande wa dirisha. “Utazoea.”