Manjano Upande Mmoja

Manjano ya Bi Kinu yalikuwa yanapungua, na mwizi hakuwa panya, maana panya hali manjano. Bi Kinu, msaga viungo mwenye ulimi mkali na jicho kali zaidi, alimshuku mdogo wake wa kike, fundi cherehani aliyeishi chumba cha uani. Siku hizi kila asubuhi alipita mashineni, akasalimia kwa adabu isiyo yake, na akishaondoka, manjano ndooni yameshuka.

"Anawauzia wateja wangu kwa mlango wa nyuma," alijisemea, damu ikimchemka. "Nyoka nimemfuga mwenyewe!"

Hakumuuliza, alimvizia. Lakini wateja wa cherehani waliingia na vitambaa wakatoka na magauni, hakuna aliyetoka na kifuko. Kisha pilipili manga nayo ikaanza kupungua, na Bi Kinu akazidi kupandwa na mori.

Siku moja mdogo wake alipotoka kununua uzi, Bi Kinu akajitoma chumbani kwake. Hakukuta mizani wala vifuko. Alikuta bakuli la manjano yaliyokorogwa mazito, na sidiria zimeanikwa nyuma ya mlango. Rangi ya manjano haitoki. Nguo za Bi Kinu mwenyewe, za kusagia, zilikuwa na madoa kotekote. Hizi zilikuwa na doa upande wa kushoto tu, zote. Akakaa kitandani.

Mdogo wake akamkuta hapo hapo.

"Dada, unatafuta nini chumbani kwangu?"

"Fungua blauzi."

"Hodi hukupiga, na sasa unataka..."

"Fungua, nimesema!"

Uvimbe ulikuwa pembeni ya titi, mgumu kama kokwa, chini ya ngozi iliyopakwa manjano.

"Uvimbe unapungua, dada. Manjano nayanywa, na huku nayabandika."

"Hospitali umekwenda?"

"Nikafanye nini, na dawa iko nyumbani? Si wewe unayewaambia wateja kila siku kwamba manjano na pilipili manga vinafukuza saratani? Kwamba wataalamu wameona?"

Bi Kinu alikuwa ameyasikia redioni: ndani ya manjano mna kitu ambacho wataalamu wanakichunguza, kwenye vichupa vya maabara kinatia moyo, ila bado haijulikani kama kinamkinga mtu. Hayo ya mwisho hakuwahi kumfikishia mteja, maana hayauzi. Tena mengine aliyaamini hata yeye. Angeweza kueleza kwamba kukinga si kutibu, lakini alimjua mdogo wake: angeng'ang'ania neno moja lenye matumaini, aendelee kupaka.

"Nilidanganya," akasema.

"Acha utani, dada."

"Nilikuwa nauza. Ni kiungo cha mchuzi tu. Vaa viatu twende hospitali."

Mdogo wake akamtazama kwa jicho ambalo Bi Kinu alikuwa akimtazamia yeye siku zote hizo.

"Na nitajuaje kama hudanganyi sasa?"

Bi Kinu alipiga magoti, akaanza kumvisha viatu.