Wamama Waliosema Hawajui Kusoma

Mimi sikutaka Kepher asimame. Wacha niseme mapema ili mtu asinisifu bure. Mume wangu ni daktari wa ng'ombe, na kwa miaka ishirini na sita amezunguka vijiji vya hapa Sosiot na pikipiki, mkono ndani ya ng'ombe za Wakipsigis mpaka begani. Sisi ni Wakisii. Tulinunua ekari mbili, tukapanda majani chai, tukamzaa Marcella hapa hapa. Lakini kila mwaka wa kura ukikaribia, mtu atakuuliza ukinunua sukari dukani, "Na nyinyi mnarudi kwenu lini?" Anauliza akicheka. Mimi sijawahi kucheka.

Basi Kepher aliposema anataka kiti cha mwakilishi wadi, tena bila chama, niliwaka. "Baba Marcella, kwani umerogwa? Hapa watu wanapiga suti!" Kupiga suti ni hivi: karatasi sita, chama kimoja, kutoka rais mpaka wadi, kama koti na suruali za kitambaa kimoja. Tulizozana wiki nzima. Mwisho tukakubaliana kwamba atasimama mara moja tu, na kama kituo chetu wenyewe, watu aliowazalishia ndama usiku na mchana, watamkataa, tutauza shamba turudi kwetu Nyamira. Na ukweli wa Mungu, nilikuwa naomba wamkatae. Nilikuwa nimechoka kuitwa mgeni, nikaona afadhali nijue moja.

Siku ya kura nilikuwa ajenti wake, wa kumlindia kura. Tulikaa kwa darasa la nne, dawati la watoto, magoti yakinigusa kidevu. Kando yangu alikaa Tonui, ajenti wa chama, mtu wa mdomo. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu kijana anaitwa Noah, ametumwa kutoka upande wa Kabianga, hajui mtu hapo. Kabla mlango haujafunguliwa Tonui akaniinamia. "Mama Marcella, mkono wa bwana yako tunaupenda sana. Lakini ubaki kwa ng'ombe." Ningemjibu ningetolewa nje na polisi.

Wa tatu kwenye foleni alikuwa Rodah, jirani yangu, tumepakana naye ua kwa ua. Akaweka kidole kwa mashine, akapewa karatasi zake sita, halafu akamwambia Noah, "Mwalimu, mimi sijui kusoma. Nisaidie."

Nilishtuka. Rodah hajui kusoma? Rodah ndiye husoma neno kanisani kila Jumapili! Anasoma Biblia ya Kikipsigis na ya Kiswahili, na ukikosea mstari anakurekebisha mbele ya watu. Nilitaka kusimama niseme. Tonui akanivuta kitambaa, anatabasamu. "Tulia, mama. Ni mimi nimewaambia wamama wote waseme hivyo. Asiyejua kusoma anasaidiwa na msimamizi, na sisi maajenti tunasimama hapo tukisikia. Leo hakuna mtu atanidanganya."

Sasa hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Kumbe walikaa wakapanga. Rodah, ambaye juzi tu alikuja kuomba chumvi! Nilimwangalia kwa hasira mpaka macho yakaniuma. Yeye hakuniangalia hata kidogo.

Tukasimama pale mezani, Noah na kalamu, sisi maajenti tumemzunguka. Noah akauliza, "Rais?" Rodah akasema, "Chama." Gavana? "Chama." Seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, yote chama, na Tonui anaitikia kwa kichwa kwa raha. Ikabaki karatasi ya wadi.

"Kepher," Rodah akasema.

Noah alidhani hakusikia vizuri. "Nani, mama?"

"Kepher Onyiego. Daktari wa ng'ombe. Yule mwenye alama ya mkebe wa maziwa." Alisema kwa ile sauti yake ya kanisani, ya kufika mpaka viti vya nyuma. Halafu akakunja karatasi zake, akaenda akazitumbukiza moja moja kwenye masanduku, akatoka na mwavuli wake.

Tonui akacheka kidogo. "Huyo amechanganyikiwa."

Akaingia Kogo Chepkurui, nyanya wa miaka tisini, yeye kweli hajui a wala be. Chama, chama, chama, chama, chama. Ya wadi akainua mkono kama anayeapa. "Kepher." Nyuma yake mke wa mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, ati hajui kusoma! Chama mara tano. "Kepher." Halafu mama wa kuuza maziwa ya mursik sokoni. "Kepher." Halafu mwingine ambaye hata simjui jina, amebeba mjukuu mgongoni. "Kepher."

Jamani! Nimeona mambo hapa duniani, lakini kitu kama hicho sijawahi kuona. Mvua ilikuwa inanyesha kwa mabati na bado nilisikia kila jina. Wamama wa watu, na waume zao wako nje kwenye foleni wanasikia, na Tonui amewakodolea macho, na hakuna hata mmoja aliyeshusha sauti. Tonui aliacha kucheka. Akaanza kuandika majina yao kwa daftari. Wakamwona akiandika. Nyanya mwingine akamwambia, "Andika vizuri, mimi ni mama yake Kiprono," kisha akasema Kepher mara ya pili. Kufika saa sita walikuwa hamsini na saba.

Jioni masanduku yalifunguliwa, Noah akawa anainua karatasi moja moja na kusoma. Kura mia nne na kumi na nane. Kepher alipata mia mbili sitini na tatu. Wakisii na Wakikuyu tulioandikishwa hapo hatufiki arobaini. Wadi nzima alishindwa, tena vibaya, kwa kura karibu elfu moja. Lakini mimi sikusikia hizo zingine.

Asubuhi nilivuka ua. Rodah alikuwa anachuma chai, kikapu mgongoni. Nilifika nikiwa nimekasirika, na hata sijui nilimkasirikia nini.

"Wewe Rodah, una akili? Tonui ameandika majina yenu! Si kura ni siri? Si ungempigia kimya kimya?"

Hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinaenda tu, majani mawili na kichipukizi. "Kimya kimya ungeamini?" akaniuliza. "Ungesema ni watu wengine, si sisi majirani zako."

Na kweli, hivyo ndivyo ningesema.

"Tonui alitwambia tuseme kwa sauti ndio asikie," Rodah akasema. "Tukakaa chini baada ya maombi, tukasema sawa, tutasema. Kwani Mama Marcella pia si atakuwa amekaa hapo?"

Nililia pale katikati ya majani chai, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, kamasi na machozi. Rodah akaniambia nishike mistari ya upande wa chini, kwa sababu lori la kiwanda linafika saa nne na yeye bado hajajaza hata kikapu kimoja.