Ukubwa wa Ushanga Mmoja

Mbuzi wa shukrani kwa upasuaji wangu tulimla Jumamosi. Jumatatu hospitali ikapiga simu, niende Kajiado.

Goita niliyokaa nayo shingoni miaka ishirini na mbili ilipopimwa, baada ya kutolewa, ilipatikana na kansa ndani yake. Daktari alishika ushanga mmoja kwenye bangili yangu, akaniita bibi kwa Kimaasai.

"Ilikuwa ndogo hivi, koko. Imetoka pamoja na goita. Utameza vidonge kila siku na kuja kupimwa. Kwa sasa ni hayo tu."

Alinieleza mara mbili, polepole, bila kuangalia saa.

Mimi nilitulia. Wasiwasi wangu ulikuwa Nasieku. Sisi ni wajane wa mume mmoja, na tunaitana Pakine tangu aliponipa mbuzi siku niliyoolewa. Goita yake inambana pumzi. Alikuwa amekuja kwetu Kitengela kutoka Rombo, apasuliwe Alhamisi.

"Yeyo, usimwambie," mwanangu Lemein alinisihi. "Akisikia kansa atarudi Rombo kesho."

Mke wake Mutindi alitoka jikoni. Aliniletea uji, akiwa ameupoza kwanza kwa sababu ya koo langu.

Nilimaliza uji, nikaingia chumbani kwa Nasieku.

"Pakine, goita yangu ilikuwa na kansa ndani."

"Si nilisema? Kisu kimeiamsha."

"Kisu kimeitoa. Ilikuwa imekaa humo kimya, nami nabeba maji nayo, naimba nayo kanisani."

"Kumbe ulikuwa unaimba? Nilidhani ni punda wa jirani."

Tulicheka mpaka nikashika mshono. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na yangu?"

"Sijui. Daktari pia hajui mpaka ipimwe. Anasema nyingi hazina kitu. Lakini pumzi yako inakwaruza, hata ukiwa umekaa. Hiyo naisikia."

"Lemein alikukataza kuniambia. Nyumba hii ni ya mabati, nasikia kila kitu."

"Anayepasuliwa ni wewe, si Lemein."

Nasieku alipeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua mkufu wake mpana wa shanga, ule anaofichia goita hata mbele ya wajukuu. Akauweka mapajani mwangu.

"Nitunzie mpaka nitoke hospitali," akasema. "Na mbuzi wangu asichinjwe kabla ya majibu. Nyinyi watu wa Kitengela mna haraka sana na nyama."