Gari la Upepo Uani kwa Bi Povu

Lilinuka. Tusizungushane, tuanzie hapo hapo. Gari la kuvuta lilikuwa bado linahangaika kugeuza pale getini, na harufu imeshapita uani, imeingia jikoni, imemkuta Bi Povu anasuuza vikombe. Mkojo wa panya, sponji iliyooza, oili ya miaka nenda miaka rudi, na chini yake kitu kingine kisicho na jina, na afadhali kisiwe nalo. Bi Povu aliacha vikombe, akatoka kuona ni mzoga gani umeletwa nyumbani kwake.

"Mama, ndilo hili!" binti yake akamwambia, meno yote nje.

"Kefule! Ndilo hili lipi? Hili gari au choo kilichoota magurudumu?"

Lilikuwa basi dogo la kizamani, lenye uso wa duara, la wale watu wanaosafiri na kulala humo humo: kitanda cha kukunja, kabati, sinki, jiko dogo la gesi. Rangi imebabuka. Kioo kimoja kimefungwa kwa nailoni. Mkwe wake alikuwa analizunguka, analipapasa kama ng'ombe wa kununua.

"Injini iko nyuma, mama," akasema kwa heshima zake zote. "Na haina rejeta. Haitiwi maji hata tone. Inapozwa na upepo tu."

"Haiogi, kumbe," Bi Povu akajibu. "Ndiyo maana inanuka."

Kijana akacheka kidogo, akainama. Huyo ndiye mkwe: mtu wa kucheka kidogo na kuinama. Alikuwa fundi simu. Jengo lenye kibanda chake lilipovunjwa, yeye na mkewe wakakosa pa kushika, wakahamia chumba cha nyuma kwa mama mtu. Na shida haina adabu. Walisema mwezi, ukageuka mwaka. Sasa mpango ulikuwa huu: gari lifufuliwe, liwe nyumba, liwe na meza ya kazi, wazunguke miji midogo wakitengeneza simu za watu. Hawakuwa na mpango mwingine. Na Bi Povu, nisimsingizie, aliuombea mpango huo kuliko wao. Alitaka gari liwake, liondoke, arudishiwe ua wake.

Jina la Bi Povu alipewa na majirani, kwa sababu mfereji wa mbele ya nyumba yake haukukauka povu. Alistaafu akiwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka aliyoyaona kule tusiyataje, wengine hamjala. Lakini kule hakuwahi kutapika hata siku moja. Uchafu wa hospitali uliingia kwa mlango huu ukatokea mlango ule umenyooka, mweupe, umekunjwa. Huu wa mkwe ulikaa tu. Kila ukiukwangua, chini yake upo mwingine unakusubiri.

Maana kazi ilipoanza, jamani, yalitoka mambo. Mkwe alipiga msasa ubavuni, puti ya kuzibia mashimo ikabanduka yenyewe vipande vipande, na nyuma ya puti kutu, na nyuma ya kutu gazeti lililoloweshwa gundi. Mtu alikuwa ameziba bodi kwa gazeti! Aling'oa zulia, chini yake likatoka zulia jingine, limeota ukungu wenye manyoya. Akafungua bomba la sinki, likamtemea uteute wa kijivu, na ndani ya uteute, safu ya juu ya meno ya bandia. Akayafuta kwenye suruali, akayaweka juu ya ukingo wa dirisha la jikoni ili mkewe akirudi acheke. Bi Povu hakucheka. Alimwagia ukingo ule maji ya moto birika zima, kisha akaupaka rangi upya.

Kilichomshinda zaidi ilikuwa mikono ya kijana. Mikono hiyo ilichomoa kiota cha panya kwenye feni ya injini, manyoya na mavi na panya mmoja mkavu kama soksi, halafu hiyo hiyo ikakata mkate! Alinawa, ndiyo, lakini alinawa kwa haraka ya mtu mwenye kazi, na weusi ulibaki kwenye kucha. Basi Bi Povu akaacha kumpa mkono asubuhi. Akamtengea sahani, akamtengea kikombe, akavitengea na dodoki lao, vikakaa pembeni peke yao. Kikombe alikisuuza kwa dawa, akakirudia. Kijana alikuwa anamwona. Alianza kula nje, amekalia ndoo, haraka haraka.

"Mama, mume wangu unamfanyia nini?" binti akauliza siku moja.

"Namfanyia nini? Nampikia. Namfulia. Wewe unataka nimlambe?"

"Anaona, mama."

"Akiona si anawe!"

Lakini kazi ilisonga, tusimnyime haki yake. Alichomelea sakafu mpya, akalipaka gari rangi upya. Alishusha injini, akaisambaza uani juu ya turubai, akaosha kabureta kwa petroli, akairudisha, na siku ilipowaka kwa mara ya kwanza ule mlio wake wa kukatakata uliwatoa majirani nje. Bi Povu mwenyewe alipiga makofi, ya haraka, asionekane sana. Siku ile ile akajitolea kusafisha ndani na kushona mifuko ya magodoro, kwa kuwa kumwachia mkwe usafi aliona ni sawa na kumwachia panya.

Na panya wakaja. Alikuwa ameinua godoro jipya, alilolishona kwa mikono yake, kitambaa cha mistari, zipu imenyooka. Chini yake kulikuwa na vitoto vya panya, vyekundu, havina nywele, vinajinyonganyonga, vimefumba macho. Nywele zilimsimama. Alitoka na kutapika ndani ya boksi la spana, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

"Sikiliza," akamwambia mkwe, anajifuta mdomo, machozi yanamtoka. "Kesho nataka matundu yote ya gari hili yamezibwa. Yote! Nikikuta tundu ambalo kidole changu kinapita, naita watu wa chuma chakavu walikate hapa hapa, ukishuhudia."

"Sawa, mama. Ila haya ya ubavuni kule nyuma..." Akaonyesha vile vipasuo vilivyopangana juu ya matairi ya nyuma. "Injini inavuta upepo kupitia hapa, mama. Naweza kuweka wavu."

"Wavu! Panya anautafuna wavu huku anakutazama. Weka bati. Upepo si umejaa barabarani? Utaingilia huko mbele."

Mtu mwingine angebisha. Angemkalisha yule mama chini na kumwonyesha feni ile na njia zake. Lakini huyu alikuwa mkwe, analala chini ya paa lake, anakula chakula chake, na boksi lake la spana bado linachuruzika. Akasema sawa, mama. Akakata bati, akalifunga kwa skrubu, na moyoni akajiambia kwamba wakishavuka kona ya kwanza atalifungua. Mkewe alijua. Walikula njama ya kumridhisha mama, basi.

Sasa Bi Povu naye si mtu wa kuridhika na kazi ya mwingine. Kesho yake, kijana alipokwenda kutafuta matairi, alifungua mlango wa injini akakagua. Bati aliliona. Akapitisha kidole kwa ndani, kikapita. Pembeni mwa bati palikuwa na mwanya, na nyuma yake njia nyeusi, pana, inayokwenda moja kwa moja kwenye feni. Aliiona ile njia akaona barabara kuu ya panya. Mwili ukamsisimka. Akaenda kabatini, akatoa mashuka mawili ya zamani, yale ya mstari wa buluu, akayakunja kihospitali, pembe kwa pembe, akayashindilia ndani kabisa kwa mpini wa fagio, hili kulia, lile kushoto, mpaka yakakaza. Hakumwambia mtu. Kwa nini ajieleze? Alinawa mpaka kwenye viwiko na usiku ule akalala fofofo.

Siku ya kuondoka walifungasha mapema. Binti alimkumbatia mama. Mkwe aliinama, akasema, "Asante kwa kutuvumilia," na Bi Povu akamjibu kwa kumpungia, kutoka mbali. Gari likatoka na mlio wake, likaacha moshi na doa la oili. Doa hilo alilisugua kwa brashi ya waya mpaka saruji ikawa nyeupe. Alianika nguo katikati ya ua, pale pale gari liliposimama, akaimba kwa sauti.

Nguo hazijakauka, simu ikalia. "Mama, fungua geti," binti akasema, akakata.

Lilirudi likivutwa. Nyuma kote kulikuwa kweusi, rangi mpya imefura malengelenge. Binti akashuka wa kwanza, hana salamu, akatupa kitu miguuni pa mama yake. Kilikuwa kipande cha shuka, kimeungua nusu, kimeloa oili, mstari wa buluu bado unaonekana.

"Hili la nani?"

Bi Povu alilitazama.

"Alifungua bati pale kituo cha mafuta," binti akaendelea. "Alitaka gari lipumue. Akajua njia ni nyeupe. Tukapanda mlima, feni ikavuta shuka lako, mkanda wa feni ukakatika, injini ikajichoma yenyewe. Ikashika moto, mama! Alilitoa lile shuka kwa mikono. Injini imekufa. Imegandamana. Haitengenezeki."

"Mimi nilikuwa nazuia panya."

"Panya," binti akasema. "Kila siku panya. Tangu gari hili lije umemtenga mume wangu kama panya."

Mkwe alikuwa ameteremka, amekaa chini, mgongo kwenye tairi. Mikono ameiweka magotini, viganja juu. Ilikuwa imebabuka, nyekundu na nyeusi, na ngozi ya kidole kimoja imejikunja.

Bi Povu alijua la kufanya, kazi ya kuosha ndiyo aliyoiishi. Alikimbia ndani. Akatoka na beseni la maji safi ya baridi, kitambaa cheupe, na glovu zake za mpira, zile ndefu, ameshazivaa mpaka kwenye viwiko. Akapiga magoti mbele ya kijana kwenye saruji aliyoisugua mwenyewe.

"Lete mikono, baba. Lete mwanangu."

Kijana akazitazama zile glovu. Halafu akamtazama yeye. Pua ikamkunjika, mdomo ukabinuka upande mmoja, akameza mate kama mtu anayezuia kitu kisimtoke, na akairudisha mikono kifuani, polepole, mbali naye. Bi Povu alikuwa hajawahi kutazamwa hivyo na mtu. Alivua glovu kwa pupa, ya kulia ikakwama, akaing'oa kwa meno.

"Ona, nimevua. Ona, mwanangu. Lete."

"Asante, mama," mkwe akasema, kwa heshima zake zote. "Usijisumbue."

Akainuka. Akatoka getini, mikono juu, akavuka barabara, akagonga kwa jirani kwa kiwiko, akaomba maji.