Besi ya Kobe

Mtaani walimwita Kinanda, na jina likamkaa. Mchana alisuka watu nywele. Jioni aliegemeza godoro ukutani ili majirani wasije na maneno yao, akatunga muziki kwa kompyuta. Kampuni hakuwa nayo, meneja hakuwa naye, na spika alibeba mwenyewe. Wimbo wake mpya ulichanganya fanki na disko za ujana wa mama yake, uimbaji wa soul, na milio ya kielektroniki aliyoihangaikia mpaka macho yakawa mekundu. Ulikosa kitu kimoja tu, gitaa la besi la kaka yake.

Kaka mtu ndiye Kobe. Kila noti aliipiga imechelewa kidogo, kama mtu anayetafuta kiatu wakati wenzake wamekwisha toka, na uchelewaji huo ndio uliokuwa ukiwainua watu vitini. Sasa alikuwa ughaibuni, kiwandani, miaka inakwenda. Kinanda alimkumbuka sana. Kama hawezi kurudi, basi angalau waishi pamoja ndani ya wimbo.

Kobe akarekodi huko aliko, akatuma. Kinanda akaipachika besi mahali pake, akamwita mama yao aje kusikia.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akauliza ni nani huyo anayepiga besi.

"Si Kobe huyo, Mama?"

"Anapiga vizuri. Lakini mwanangu namjua, hata kuzaliwa alichelewa."

Kinanda akacheka, akaitupia kompyuta lawama. Alimweleza kwamba ina tabia ya kunyoosha noti zikae sawasawa na mapigo, bila shaka alisahau kuizuia. Mama akarudi jikoni kungoja.

Kinanda alipoangalia, aliukuta ule unyooshaji umezimwa tangu mwanzo. Kompyuta haikugusa kitu. Noti zilikuwa vilevile Kobe alivyozipiga, kila moja imesimama juu ya pigo lake kama askari wa gwaride.

Akampigia Kobe simu, akamwomba arudie, safari hii avute noti kama zamani. Kobe akajaribu, akajaribu tena, akaacha.

"Haitoki, mdogo wangu. Huku ukichelewa unafukuzwa. King'ora kikilia mwili unaruka wenyewe. Nilidhani hayo nayaacha kiwandani."

"Basi rudi nyumbani, Kaka."

Kobe aliuliza kama Mama hajambo, wakaagana.

Kinanda akairudia kompyuta. Lisilo budi hutendwa. Akaishika noti ya kwanza, akaichelewesha kidogo kwa mkono wake, kisha ya pili, kisha iliyofuata. Kila mara alifumba macho akumbuke Kobe angeivuta kiasi gani. Zilikuwepo ambazo hakukumbuka kabisa; hizo alizikisia, na ni hizo zilizomtoa machozi.

Alipomaliza akanawa uso, akamwita Mama.

Besi ilipoingia, Mama alisimama pale mlangoni na mwiko wake mkononi, mabega yakaanza kucheza bila kuombwa.

"Sasa huyo ndiye," akasema. "Mimi nilishaogopa. Kumbe hajabadilika."

"Hajabadilika, Mama," alisema Kinanda, akaongeza sauti ya spika.