Kituo cha Kusimama, Si cha Kushuka

Siku ya Jumanne, tarehe tisa mwezi wa Julai mwaka 2019, treni ya kwenda Lhasa ilikuwa imekwisha kuuacha mji wa Golmud nyuma yake, na jua lilikuwa linaanza kugusa vilele vya theluji. Mwishoni mwa behewa la tisa, Lhadon alisimama katika foleni ya maji ya moto akiwa na mabakuli mawili ya tambi kavu. Bakuli moja lilikuwa lake. La pili lilikuwa la Mzee Feng, mhasibu mstaafu wa kutoka Suzhou, ambaye magoti yake hayakupenda foleni. Lhadon alikuwa kiongozi wa kundi la watalii waliokuwa wakiivuka China kwa reli kutoka Shanghai hadi Tibet. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza kila kinachopita dirishani, kuwahimiza wanywe maji ili vichwa visiwaume, na kuwachotea wale wasioweza kusimama.

Foleni haikusogea. Kati ya birika kubwa la reli na mlango wa choo palikuwa pamesimama hema. Lilikuwa hema jeusi la manyoya ya yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa milima ile, na kamba zake zilikuwa zimefungwa kwenye vyuma vya kuwekea mizigo. Kwa kuwa ujia wa behewa ni mwembamba, hema lilikuwa limejibana upande mmoja kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na nafasi ileile ya siku zote. Mama yake Lhadon, Ama Sangmo, alikuwa amechuchumaa mbele ya moto wa samadi kavu, akiisukasuka chai ya siagi na chumvi.

"Ama, umepandia wapi?" Lhadon aliuliza.

"Sijapanda. Nilikuwa nimekaa tu. Lete hayo mabakuli, maji yangu yamechemka kabla ya haya ya reli."

Lhadon akampa mabakuli, kisha akampigia simu dada Kyipa, jirani yao wa Golmud.

"Ama yupo hapo?"

"Yupo. Anaosha nywele."

"Na huku yupo."

Dada Kyipa alifikiri kidogo. "Basi mwambie huyo wa huko asisahau dawa. Huyu wa hapa amekwisha kumeza."

Familia ya Ama Sangmo ilikuwa ya wachungaji. Uwanda waliouchungia ulikuwa mbele, katika njia ya treni ile ile. Miaka kumi na moja kabla ya safari hii, wachungaji wa uwanda ule walihamishwa, wakapewa nyumba za matofali zilizopangwa safu kwa safu nje ya mji wa Golmud, ili nyasi zipumzike. Nyasi zilipumzika. Watu walijifunza kufungua mifereji ya bomba na kuifunga.

Siku ya kuhama, lori lilikuja mapema kuliko ilivyosemwa. Maziwa yalikuwa juu ya mafiga. Dereva alipiga honi, Ama Sangmo akageuka kutazama, na maziwa yakafurika yakazima moto. Kwa watu wa uwanda ule, moto wa nyumbani una mwenyewe, na mwenyewe huyo hapendi kumwagiwa maziwa. Maziwa yakifurika, mama wa nyumba lazima aiepue sufuria kwa mikono yake mwenyewe, kisha ayafukize mafiga kwa matawi makavu ya mtarakwa na kuomba radhi. Ni kazi ya muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Dereva alisema muda huo hana. Walimpandisha Ama Sangmo juu ya magodoro, na sufuria ikabaki pale pale.

Tangu siku ile vidole vyake vilianza kufa ganzi, kimoja baada ya kingine. Hospitali ilimpa mafuta ya kupaka, kisha vidonge, kisha ushauri wa kuvaa glavu. Mwaka ule wa safari vilikuwa vimebaki hai vidole gumba viwili tu. Hakuweza tena kujisuka nywele, wala kuhisi kama kikombe kina joto. Alichotaka ni kimoja: kushuka pale, kuiepua sufuria yake na kuyafukiza mafiga, kabla vidole gumba navyo havijaondoka.

Kwa barabara haikuwezekana. Lango la eneo lile hufunguliwa kwa wenye kibali, kibali hupewa wakazi, na wakazi walikuwa wamehamishwa. Lhadon aliichukua kazi ya kuongoza watalii kwa sababu treni hupita pale. Katika kila safari alikuwa akiomba mama yake aruhusiwe kushuka pale, na katika kila safari alijibiwa kwa adabu.

Mhudumu wa behewa, Bibi Qiao, alifika akiwa na kofia yake na kitambaa cha kufutia.

"Dada Lhadon, hili ni la kwenu?"

"Ni letu."

"Limeziba choo."

"Halijaziba. Limejikunja. Hebu pita."

Bibi Qiao akapita, akarudi, akakubali kwamba choo kinafikika. Baada ya Golmud treni ile huingiziwa hewa ya kusaidia kupumua, kwa hiyo moto ni marufuku kabisa, hata sigara. Alisimama mbele ya kibao cha masharti akakisoma kwa kidole: sigara, fataki, petroli, gesi, viberiti, mimea mikavu.

"Samadi haikutajwa," alisema mwishowe.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sina la kusema juu ya samadi. Ila hiki," aliinama akachukua kifurushi cha mtarakwa kilichokuwa chini ya goti la Ama Sangmo, "hiki ni mmea mkavu. Mimea mikavu ipo hapa, mstari wa mwisho. Utakichukua Lhasa, mama."

"Lhasa sina mafiga," Ama Sangmo alisema.

"Utakichukua Lhasa," Bibi Qiao alirudia, akakitia kifurushi katika mfuko na kuufunga fundo.

Saa za asubuhi zikapita kwa kunywa chai. Watalii waliingia hemani wawili wawili, wakakaa juu ya zulia la sufu, wakapiga picha. Aliyekaa zaidi ya wote ni Mzee Feng, ambaye alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba mgeni mwenye adabu humaliza alichopewa. Alimaliza, akajaziwa. Akamaliza tena, akajaziwa tena. Jasho lilianza kumtoka.

"Binti," alimnong'oneza Lhadon, "mama yako nimemkosea nini?"

"Usimalize, mzee. Kwetu kikombe kikiisha hujazwa. Ukitosheka, kiache kimejaa."

"Umri wote huu nimefundishwa kumaliza."

"Basi utakunywa mpaka Lhasa."

Ama Sangmo aliuliza mzee yule anasema nini. Alipotafsiriwa alicheka hadi akashika mbavu. "Mwambie ana tumbo la dume la yaki. Angekuja zamani tungemwozesha."

Mama mmoja wa Kiholanzi aliyeitwa Marijke, ambaye kwao alikuwa muuguzi, alivishika vidole vya Ama Sangmo, akavibonyeza kimoja kimoja, akatikisa kichwa.

"Anahitaji daktari wa mishipa," alisema.

Lhadon akatafsiri.

"Nahitaji mlango," Ama Sangmo akajibu.

Mchana ulipokaribia, treni ilipunguza mwendo. Reli ya sehemu ile ni moja, na treni inayopanda husubiri ile inayotoka Lhasa ipite. Husubiri kwenye kituo kidogo kisichokuwa na mfanyakazi hata mmoja. Kituo kina jukwaa la saruji lililofagiliwa na upepo, taa, benchi, na jina lililoandikwa kwa lugha mbili. Treni ilisimama. Simu ya Lhadon ililia. Ilikuwa ofisi ya kampuni yake ya utalii, ikimkumbusha kwamba hapa ndipo pa kusoma maelezo ya ukurasa wa sita wa kitabu cha mwongozo. Lhadon alishika kipaza sauti akasoma.

"Upande wa kushoto mnauona uwanda ambao haujawahi kukaliwa na watu. Ni makao ya swala na ndege."

Watalii wakatazama kushoto. Ng'ambo ya uzio, umbali ambao mtu angeweza kurusha jiwe, palikuwa na mafiga matatu, na juu yake sufuria. Chini yake hapakuwa na moto. Maziwa yalikuwa yakifurika. Yalipanda, yakapinda ukingo, yakashuka juu ya mawe, kama yalivyofanya siku ile na siku zote zilizofuata. Yalikuwa yamejichimbia mfereji mweupe uliopita chini ya uzio na kuelekea kwenye tuta la reli.

"Ile sufuria ni ya nani?" Marijke aliuliza.

"Ni ya mama yangu."

Mzee Feng alisafisha miwani yake. "Kwa hiyo uwanda haujawahi kukaliwa, na sufuria ni ya mama yako."

"Ndiyo, mzee."

"Sawa," alisema Mzee Feng. "Nilitaka tu kuhakikisha nimeelewa."

Ama Sangmo alikuwa amekwisha kutoka hemani na kusimama mlangoni mwa behewa, skafu ameifunga, mikono ya kanzu ameikunja tayari kwa kazi. Lhadon alimwendea Bibi Qiao.

"Dada, fungua huu mlango mmoja tu. Ni pale tu. Unaiona?"

"Naiona."

"Inafurika."

"Mimi si kipofu, dada. Kila nikipita naiona."

"Basi fungua! Ashuke, aepue, arudi. Na kifurushi chake mpe."

"Kituo hiki si cha kushuka."

"Kwani ni kituo cha nini?"

"Cha kusimama."

"Kuna jukwaa! Kuna benchi! Benchi ni la nani kukalia?"

Bibi Qiao alilitazama benchi kwa muda, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Kisha, kwa kuwa hakuwa na roho mbaya, alichukua redio yake akamwita mkuu wa treni.

"Mkuu, behewa la tisa. Nina mama anaomba kushuka."

"Ana tiketi ya kushukia hapo?" redio ikauliza.

"Hana."

"Tiketi za kushukia hapo zinauzwa?"

"Haziuzwi."

"Basi hakuna abiria wa kushuka."

"Nimekuelewa, mkuu." Bibi Qiao akairudisha redio mkandani. "Umesikia mwenyewe."

Lhadon aliupiga mlango kwa kiganja. Aliupiga tena kwa ngumi, na kioo kikatetemeka. Abiria wa behewa la jirani walichungulia, wakaona ni mtu anapiga mlango, wakarudi kwenye karanga zao.

"Wewe huna mama?" Lhadon aliuliza.

"Ninaye. Yuko Henan. Huu mwaka wa tatu sijamwona." Bibi Qiao alikuwa akifuta kioo mahali pale ngumi ilipogusa. "Na mimi ndiye mwenye ufunguo wa mlango, dada, lakini ufunguo unakubali vituo vinne tu. Vingine haujui. Jaribu mwenyewe, usije ukasema nakuonea."

Alimpa Lhadon ufunguo. Lhadon aliutia katika tundu akauzungusha. Ufunguo ulizunguka, ukazunguka, kama kijiko ndani ya uji.

Ama Sangmo aliweka kidole gumba cha kulia kwenye kioo, mahali pa kuelekea sufuria. "Joto lake nalisikia," alisema. "Hata kutoka hapa." Kisha treni ya kutoka Lhasa ilipita upande wa pili kwa kishindo, nayo yao ikaondoka. Kidole kilibaki kwenye kioo mpaka mafiga yalipojificha nyuma ya mlima. Alipokiondoa, alikitazama, akakiuma kwa meno, akakitazama tena.

"Na hiki nacho," alisema. Akarudi hemani kukoroga moto, kwa sababu Mzee Feng alikuwa bado hajajua namna ya kuacha kikombe.

Lhadon aliketi kwenye kiti cha kukunja kando ya dirisha. Simu ya ofisi ilipolia tena, aliambiwa kwamba mtalii mmoja ametuma picha za hema, na kwamba halimo kwenye ratiba. Aliomba radhi. Akaambiwa hakuna haja ya kuomba radhi, zimependeza sana.

Jioni ile, Lhasa, Bibi Qiao alimkabidhi Lhadon kifurushi cha mtarakwa, fundo likiwa bado halijafunguliwa. Hema lilirudi na treni. Tangu siku ile huwa lipo katika kila safari, na wafanyakazi wa reli wameongeza kulabu mbili za kufungia kamba zake. Ratiba mpya ya kampuni inasema: Chai na mama wa uwandani, ndani ya treni, baada ya Golmud. Ukurasa wa sita haukubadilishwa.

Maziwa yamekwisha kufika kwenye reli. Kikosi cha matengenezo hupita kila wiki na mafagio marefu, kikiyasukuma upande wa pili wa tuta, na msimamizi wao amelalamika kuhusu harufu ya kuungua, akajibiwa kwamba itashughulikiwa. Watalii wengi hudhani ni chumvi. Ama Sangmo ana kidole gumba kimoja kilicho hai, cha kushoto, ambacho hukiweka ndani ya kanzu, karibu na tumbo. Kila treni inaposimama pale, yeye hutoka, hufunga skafu, hukunja mikono, na kusimama mbele ya mlango, na Lhadon husimama pembeni yake akisoma katika kipaza sauti kwamba uwanda ule haujawahi kukaliwa na watu.

Uliyesoma hadi hapa, usiyafungie haya kabatini. Msomee aliye jirani nawe, naye amsomee mwenzake, yaende mkono kwa mkono hadi yamfikie mtu mwenye ufunguo unaokijua kituo kile.